Kutoka Ukumbi wa Shule hadi Kikanisa: Shajara ya Mradi

Jengo ni ukumbi wa shule ya msingi huko Hertfordshire, Uingereza, uliokamilika 1950. Una fremu ya chuma, kuta za paneli za zege na paa bapa, na umeorodheshwa kama jengo la urithi wa Daraja la II. Jiko na vyumba vya kubadilishia nguo viliongezwa 1963. Sasa unakuwa kikanisa chenye viti 120.

Januari: kujua kinacholindwa

Kazi ya kwanza ni ya karatasi. Ofisa wa urithi wa halmashauri hupima kila ombi kwa kulitazama tamko la thamani ya jengo, na matamko mengi ya majengo ya enzi hii yanaharibika kwa kusifu sura. Ukumbi huu hauna sura ya kusifiwa sana. Thamani yake ipo kwenye namna ulivyoundwa na kwenye matumizi yaliyoacha alama ndani yake.

Baada ya vita, kaunti ilikuwa na watoto wengi kuliko madarasa, miji mipya inaanzishwa (Stevenage ulitangazwa 1946), mafundi uashi hawapatikani na mbao zinatolewa kwa kibali. Ofisi ya msanifu wa kaunti chini ya C. H. Aslin, akiwamo Stirrat Johnson-Marshall na wasanifu David na Mary Medd, iliamua shule zijengwe kwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani na kuunganishwa papo hapo kiwanjani. Kipimo kilichotawala mwanzoni kilikuwa futi 8 na inchi 3, yaani milimita 2,515. Ukumbi wetu una nafasi saba kwa tano za kipimo hicho: mita 17.6 kwa 12.57. Ukiigawa nafasi moja kwa tatu unapata milimita 838, na humo ndimo yamo madirisha, milango na paneli. Anayetaka kuongeza kitu ndani ya jengo hili aanze na namba hizo mbili, la sivyo atakata chuma pasipo sababu.

Jambo la pili ni la kisheria. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Elimu ya 1944 kiliagiza siku ya masomo ianze kwa ibada ya pamoja ya wanafunzi wote, isipokuwa pale ambapo majengo hayaruhusu. Maana yake ukumbi huu ulisaliwa kila asubuhi tangu ulipofunguliwa, kisha ukapangwa meza za chakula cha mchana, kisha ukawa uwanja wa mazoezi. Ndiyo sababu una jukwaa, dirisha la kupakulia chakula kutoka jikoni, ngazi za mazoezi ukutani na mistari ya michezo sakafuni. Wanaotaka tuufanye "ufanane na kanisa" wanataka kufuta ushahidi kwamba ibada haikuwahi kuwa ngeni humu. Msimamo wa mradi: ukumbi unabaki ukumbi, na kila kinachoongezwa kiweze kuondolewa bila kuacha tundu.

Kuhusu vibali: tangu Septemba 2020 shule na nyumba za ibada zimo katika kundi moja la matumizi, F1, kwa hiyo badiliko la matumizi peke yake halikuhitaji kibali cha mipango. Kibali cha jengo lililoorodheshwa kilihitajika, na ombi lake halina ada. Msamaha wa kutoomba kibali hicho ambao baadhi ya madhehebu wanao chini ya sheria za urithi haukutufaa, kwa kuwa unahusu jengo ambalo tayari linatumika kwa ibada. Hadi ibada ya kwanza ifanyike, sheria inaliona jengo hili kama jengo jingine lolote.

Februari: asbesto

Upimaji wa kawaida wa usimamizi wa asbesto (madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu) hautoshi kwa mradi wa namna hii. Unaohitajika ni ule wa kabla ya ukarabati, ambao mpimaji huvunja na kufungua: nyuma ya vifuniko vya nguzo, juu ya dari, chini ya jukwaa, ndani ya mifereji ya mabomba. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia 1985, na nyeupe 1999, kwa hiyo hata matengenezo ya miaka ya themanini hayaaminiki bila sampuli.

Ilipatikana sehemu tatu. Vifuniko vya nguzo ni bodi laini ya kuhami, na hii ndiyo hatari, maana ukitoboa tundu moja la skrubu nyuzi zinaruka. Mkandarasi mwenye leseni ndiye aliyeviondoa, na taarifa ilipelekwa kwa mamlaka ya afya na usalama kazini siku 14 kabla ya kazi kuanza. Paa la ghala la nyuma ni saruji ya asbesto. Ni zima, limeachwa. Vigae vya sakafu vya ukumbini pembeni pa jukwaa vina asbesto iliyofungwa ndani ya plastiki na lami. Navyo vimeachwa chini ya zulia lisilobandikwa kwa gundi. Kuving'oa vigae vizima ili "kumaliza tatizo" ndiko kunakoanzisha tatizo.

Hema lililofunika sehemu ya kazi ya asbesto halikuondolewa hadi hewa ilipopimwa chini ya nyuzi 0.01 kwa mililita. Tuliongeza sharti moja kwenye mkataba: kila kifuniko kipigwe picha na kipewe namba kabla ya kung'olewa, kwa sababu vipya vinafuata umbo na upana uleule kwa kutumia bodi ya kalsiamu silikati.

Machi hadi Aprili: nguzo na maji

Hapa ndipo pesa nyingi zilipoishia, na atakayerithi ukumbi wa aina hii aisome sehemu hii mara mbili.

Paa linabebwa na kenchi nane za chuma zenye kuvuka mita 12.57, kila moja ikikaa juu ya nguzo mbili: jumla nguzo 16. Sita kati ya hizo zina bomba la mvua lililofichwa ndani ya kifuniko. Wasanifu walitaka kuta za nje ziwe safi, bila mabomba. Bomba likipasuka ndani ya kifuniko, hakuna anayeona. Maji hushuka kimyakimya hadi kwenye kitako cha nguzo, ambacho kimezikwa katika zege la sakafu, na yanakaa hapo. Kutu ina ujazo mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo dalili ya kwanza huonekana sakafuni: zege linainuka na kupasuka kuzunguka nguzo. Wengi hulisawazisha kwa saruji na kupaka rangi. Humu pia lilikuwa limesawazishwa hivyo, tabaka juu ya tabaka.

Vifuniko vilipofunguliwa, nguzo tano zilionekana zimeliwa. Zote ni miongoni mwa zile sita zenye mabomba. Unene ulipimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, baada ya kukwangua hadi chuma king'ae. Unene wa awali ni milimita 4.8. Mhandisi aliweka kikomo cha 3.6, yaani kupotea kwa robo; pungufu ya hapo nguzo inaongezewa chuma. Iliyo mbaya zaidi ilisoma 3.1 katika sentimita 20 za chini. Juu ya hapo chuma kilikuwa kizima kabisa.

Mzigo wa kila nguzo ya kati ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Eneo linalobebwa ni 2.515 kwa 6.285, karibu mita za mraba 15.8. Ukiweka, kwa kila mita ya mraba, kilonewtoni 0.6 kwa uzito wa paa na 0.6 kwa theluji na watu wa matengenezo, unapata takriban kilonewtoni 19, karibu tani mbili. Mihimili miwili ya kurekebishika kwa kila nguzo ilitosha, mradi kila mmoja ukae juu ya ubao mpana. Sakafu hii haikujengwa kubeba nukta moja nzito.

Hatua zenyewe zilikwenda hivi. Inua kenchi kwa mihimili hadi nguzo ilegee kidogo tu. Ukizidisha, kioo cha dirisha la jirani kinapasuka, kwa kuwa fremu za madirisha zimefungwa moja kwa moja kwenye nguzo. Tindua zege kuzunguka kitako, upana wa sentimita 15 kila upande. Ondoa kutu kwa mashine ya sindano. Funga mabamba ya milimita 6 pande mbili kwa bolti nane za M12. Hatukuchomelea. Nyuma ya nguzo kuna bodi za nyuzi na chini kuna lami. Cheche moja inayoingia humo inaweza kufuka hadi usiku mafundi wameshaondoka. Kisha rangi ya kwanza ya epoksi yenye zinki, mikroni 75, na ya pili mikroni 125. Chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande wakati wa kupaka, la sivyo rangi inashika unyevu na kubanduka kama ngozi. Mwezi Machi kwa huku maana yake ni kupaka kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri.

Kurejesha mabomba ndani ya nguzo kungekuwa kutunza kosa kwa jina la urithi. Paa lina mita za mraba 221. Kwa mvua ya milimita 75 kwa saa linatoa lita 4.6 kwa sekunde, na mabomba matatu ya milimita 100 yanaliweza. Yamewekwa nje upande wa kaskazini, ya alumini, mviringo, bila mapambo, kila moja kwenye mstari wa nguzo. Ofisa wa urithi alihoji, na kilichomshawishi ni vipimo vya unene wa chuma, si maelezo.

Onyo kuhusu paa lenyewe. Sakafu ya paa ni vibao vya nyuzi za mbao zilizofungwa kwa saruji, unene wa inchi 2. Vikilowa vinaoza kwa ndani huku juu vikionekana vizima. Hakuna mtu anayekanyaga bila mbao za kutambalia zinazofika kenchi hadi kenchi. Vilivyobadilishwa ni 14, vyote jirani na midomo ya mabomba ya zamani.

Aprili, pembeni: upanuzi wa 1963

Paneli za paa la vyumba vya kubadilishia nguo zina upana wa milimita 600, na bisibisi inazama ndani yake kwa mkono: ni zege jepesi lenye mapovu, RAAC, lile lililofanya shule nyingi za Uingereza zifungiwe sehemu za majengo mwisho wa Agosti 2023. Kilichopimwa ni urefu wa paneli unaokaa juu ya ukuta. Unaokubalika ni milimita 75 au zaidi. Hapa kuna sehemu zenye 50. Chumba kilifungwa siku ileile. Boriti mbili za chuma zimepitishwa chini ya ncha za paneli, na paneli zitabadilishwa paa litakapofika zamu yake. Sampuli ya boriti za zege juu ya jiko ilipimwa kama ina saruji ya alumina, ile iliyoangusha paa la ukumbi wa shule ya wasichana ya Camden, London, Juni 1973. Haina.

Mei: madirisha

Kuna mita za mraba 60 za madirisha ya chuma. Yamechovywa kwenye zinki kiwandani, na chini ya rangi tabaka nyingi zinki hiyo bado ipo. Kwa sababu hiyo hakuna kupiga mchanga wala kukwangua kwa brashi ya waya ya mashine: vyote viwili vinaondoa zinki, na baada ya hapo dirisha linaanza kuoza upya. Rangi inalainishwa kwa dawa na kukwanguliwa kwa mkono. Ya zamani ina risasi, kwa hiyo msasa mkavu umepigwa marufuku.

Puti iwe ya fremu za chuma. Ile ya mbao inategemea mbao kunywa mafuta yake. Kwenye chuma inabaki laini miezi. Baada ya kuweka kioo, subiri wiki moja hadi mbili kabla ya rangi, na rangi ipande juu ya kioo kwa milimita 2 ili maji yasipenye kati ya puti na kioo.

Swali la baridi lilijadiliwa kuliko yote. Shule ilipasha ukumbi moto siku tano. Kikanisa kitaupasha kwa saa chache tu za juma. Kioo kimoja, ndani nyuzi 18 na nje nyuzi 2, uso wake wa ndani unashuka hadi karibu nyuzi 6. Hewa ya nyuzi 18 yenye unyevunyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa umande kwenye nyuzi 10. Watu 80 waliokaa wanatoa takriban lita 4 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho, na wakiimba zaidi. Maji hayo yote yanakwenda kwenye kioo, yanateremka kwenye fremu, na kutu inarudi pale ilipoondolewa.

Kubadilisha madirisha kuwa ya vioo viwili kulikataliwa tangu mwanzo, kwa haki. Fremu nene zingeharibu wembamba ambao ndio uzuri pekee wa ukuta huu. Badala yake kuna kioo cha pili upande wa ndani, umbali wa milimita 100, katika fremu zinazogawanyika kwa 838 zilezile. Uso wa ndani sasa hauteremki chini ya nyuzi 12. Kioo cha ndani kizibwe vizuri kuliko cha nje. Kikivujisha, hewa yenye unyevu inaingia katikati na kugeuka maji kwenye kioo cha nje usichoweza kukifikia.

Juni: sakafu

Vipande vya mbao ngumu vimebandikwa kwa lami, na juu yake mistari ya michezo: myeupe, mwekundu, na wa manjano uliofutika nusu. Kuna waliotaka ipigwe msasa wa mashine ing'ae. Mistari ingekwenda na vumbi, na ndiyo alama inayosomeka haraka kuliko zote humu ndani. Sakafu ilisafishwa kwa kitambaa na kiyeyushi kidogo sana. Ukimimina, kinapenya kwenye viungo, kinalainisha lami, na lami inapanda juu na kutia doa jeusi lisilotoka. Kisha nta ngumu, mikono miwili.

Vipande vilivyolegea, vingi karibu na zile nguzo tano, vilipewa namba kwa chaki na kurudishwa palepale. Gundi ya kawaida haishiki juu ya lami ya zamani. Ama ukwangue lami yote chini ya kipande, ama utumie gundi inayokubaliana nayo. Lami ilipelekwa maabara kwanza kwa ajili ya asbesto. Ukingoni tuliacha nafasi ya milimita 12 na kuijaza koki (gome laini la mti), kwa sababu mahali ilipokuwa imezibwa kwa saruji sakafu ilikuwa imevimba na kujikunja.

Julai: sauti

Ukumbi mtupu ulipimwa: mwangwi unadumu sekunde 2.4 kwenye masafa ya kati. Kwa wimbo ni raha, kwa mahubiri ni vurugu. Lengo ni 1.4 watu wakiwemo. Ujazo ni mita za ujazo 1,106 (kimo mita 5). Kwa kanuni ya Sabine, 0.161 mara ujazo ukigawanya kwa sekunde, ukumbi ulikuwa na ufyonzaji wa sauti wa mita za mraba 74 na unahitaji 127. Pengo ni 53. Watu 80 wanaleta kama 32. Zinabaki 21, ambazo ni mita za mraba 26 za paneli zenye uwezo wa kufyonza 0.8.

Paneli zimewekwa ukuta wa nyuma, juu ya ngazi za mazoezi, kwa vibanio vinavyoshika ukingo wa chuma cha fremu. Hakuna tundu. Ukuta wa nyuma ndio unaorudisha sauti kwa msemaji ikiwa imechelewa, kwa hiyo paneli zikiwa pale zinafanya kazi mbili. Dari haikuguswa.

Agosti: milango na jukwaa

Katika hesabu ya moto, mlango mpana kuliko yote unahesabiwa kuwa umezibwa. Uliobaki, wa upande wa mashariki, una upana wazi usiofika milimita 850, na hata 850 huruhusu watu 110 tu. Viti ni 120. Kwa watu 220 unahitajika 1,050, na ukuta hauna nafasi kama hiyo: una 838 au mara mbili yake. Tumechukua nafasi mbili za 838, mlango wa mabawa mawili unaofunguka nje, na dirisha lililoondolewa limefungwa kwenye sanduku na kuwekwa chini ya jukwaa likiwa na lebo.

Jukwaa lina kimo cha milimita 750. Mteremko wa kiti cha magurudumu kwa uwiano wa 1 kwa 15 ungechukua zaidi ya mita 11 bila kuhesabu sehemu za kupumzikia, karibu theluthi mbili za urefu wa ukumbi. Altare imewekwa sakafuni, mbele ya jukwaa, ambapo kila mtu anafika. Wapo ambao bado wanaona altare ingepaswa kukaa juu. Kwa maoni ya mradi huu, jukwaa la watoto lenye reli ya pazia na taa zake za 1950 halihitaji kuvikwa joho.

Dirisha la kupakulia chakula linafunguka na litapakulia chai. Msalaba ni wa mbao, unasimama wenyewe juu ya kitako cha kilo 60.

Septemba: rangi, na yanayoendelea

Vipande vidogo vya rangi vilivyokatwa na kutazamwa kwa hadubini vinaonyesha kijivu chepesi ukutani, manjano ya udongo kwenye nguzo, na bluu nzito ndani ya jukwaa. Krimu iliyoenea kote ni ya baadaye sana. Nguzo zinarudi kwenye manjano yao. Kuta zinangoja zege likauke, maana mita ya unyevu karibu na nguzo ya nne na ya tano bado inasoma juu.

Paneli tatu za zege upande wa magharibi zina nyufa. Dawa ya fenolfthaleini inaonyesha zege limepoteza ualkali unaokinga nondo na kutu hadi kina cha milimita 12, na nondo ziko kwenye 15. Bado kuna miaka, si mingi. Viungo kati ya paneli viliachwa wazi makusudi ili maji yatoke; mtu fulani aliviziba kwa silikoni baadaye. Silikoni inatolewa kwa kisu cha plastiki, kiungo baada ya kiungo, na kazi hiyo imefika nafasi ya tatu kutoka kusini.